Kioo Kilichozimika Asubuhi

Kuna mtu mmoja nilimchafulia jina kwa sababu ya kioo cha laptopu, na kwa karibu mwaka mzima nililala usingizi mzuri nikiamini nilitenda haki. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asije akanionea huruma mapema. Huruma nilistahili kidogo, lakini si kwa jambo hili.

Ilikuwa baada ya kuingia miaka ya elfu mbili, Machakos mjini, katika ofisi ndogo ya mradi uliojenga mabwawa ya mchanga kwenye mito inayokauka. Ofisini tulikuwa watatu tu. Mkurugenzi alikuwa mzee mpole, lakini upole wake ulikuwa na mwisho. Mwenzangu alikuwa kijana aliyechora mabwawa kabla hayajajengwa, mtaratibu, asiyejua kupandisha sauti, ambaye aliniita mwaitu, yaani mama, ingawa sikuwa nimemzidi umri kiasi hicho. Wa tatu ni mimi, karani, mjane mwenye watoto watatu shuleni, mwanamke aliyezoea taipureta na kelele zake. Nilikuwa nimeajiriwa kwa majaribio ya miezi sita, kuanzia mwezi wa tatu hadi mwisho wa mwezi wa nane.

Wafadhili walituletea laptopu moja. Siku hizi ukifungua gazeti unaambiwa ni kipakatalishi. Sisi tuliiita laptopu na tukaiogopa. Mkurugenzi aliamua kwamba asubuhi itakuwa yangu, kwa barua na ripoti, na mchana itakuwa ya kijana, kwa michoro yake. Saa kumi na moja jioni kijana alinirudishia mezani, nami nikaifunga, nikaiweka kabatini na kutia kufuli. Ufunguo niliutunza mimi.

Niliitunza mashine ile kama kitu changu. Nyumbani kwangu, kama nyumbani kwa akina mama wote wa rika langu, hakuna kitu kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa, televisheni ilikuwa na kitambaa, kila kiti kilikuwa na vitatu, na hata thermosi ya chai ilivaa. Vyote nilivifuma kwa mkono wangu, na sifa yangu mtaani ilikuwa kwamba vitambaa vyangu havilegei. Kwa hiyo laptopu nayo niliifumia chake, cha uzi wa rangi ya maziwa, ua katikati, sawasawa na ukubwa wake. Hicho sikukiweka juu. Nilikilaza ndani, juu ya kibodi, kisha nikashusha kioo, ili vibonye visikwaruze kioo na vumbi la barabarani lisiingie. Kijana alikisifu kile kitambaa, na mkurugenzi alisema ofisi sasa imepata mwenyewe.

Mambo yaliharibika mwezi wa sita. Mwezi wa sita Machakos si mchezo. Ukungu unashuka kutoka milima ya Iveti na kukaa juu ya mabati, na unafika kazini vidole vimekufa ganzi. Asubuhi moja saa mbili niliiwasha mashine, nikasikia feni yake ikivuma, nikaona kitaa cha kijani kinawaka, hata ule muziki mfupi wa kuamka nikausikia, lakini kioo kilibaki cheusi. Niliizima na kuiwasha tena. Nikangoja. Saa nne kasoro, bila mimi kugusa chochote, kioo kikawaka chenyewe, barua yangu ikiwa imenisubiri palepale.

Kesho yake ikawa vilevile. Siku ya tatu kioo kiliwaka vizuri tangu asubuhi, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Siku ya nne kikazima. Ikawa ndivyo hivyo, leo kinakubali, kesho kinakataa, lakini ikifika mchana hakikatai hata mara moja.

“Mbona kwangu iko sawa, mwaitu?” kijana aliniuliza. Aliniuliza kwa wema kabisa, na nilimchukia kwa swali lile.

Nilimwita mkurugenzi aje aone kwa macho yake. Alikuwa na mgeni, akachelewa, akaja saa nne. Aliposhika tu kitasa cha mlango, kioo kikawaka. Sisemi uongo. Alisimama nyuma yangu akaangalia, akauliza, “Sasa shida iko wapi?” Nikatoa macho kama mwizi aliyekutwa na kuku.

Nilimwomba ruhusa nikaibeba hadi kwa fundi mmoja karibu na soko, mtu wa redio na televisheni aliyekuwa ameanza kujifunza kompyuta. Nilifika saa saba, jua limetoka. Akaiwasha, ikawaka. Akakipinda kioo mbele na nyuma akisikiliza bawaba zake, akakigonga kwa kidole, akaunganisha mashine na kioo kingine kikubwa alichokuwa nacho. Hakuona kitu.

“Mama, hii kitu haina shida,” akasema. “Ama ni wewe hujazoea kuiwasha.”

“Nimeiwasha miezi mitatu.”

“Sawa. Basi ikizima tena, imulike na tochi kwa upande. Ukiona maandishi kwa mbali, jua kioo ni kizima. Ni taa yake ya ndani ndio imekataa.”

Asubuhi iliyofuata nilimulika. Yalikuwepo kweli, maandishi yangu yote, hafifu, kama ubao wa shule uliofutwa kwa haraka. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi, maana nilijua sasa kwamba sina wazimu. Lakini kujua huko hakukuwasha kioo, na ripoti ya wafadhili ilikuwa inadaiwa. Nikajifunika shuka kichwani pamoja na mashine ili pawe giza, nikaibana tochi kati ya shavu na bega, nikaanza kupiga chapa herufi moja moja. Shingo ilikauka, macho yakatoa machozi. Nilifanya kazi hivyo kwa siku nyingi, mwanamke mzima ndani ya shuka saa mbili asubuhi, nikinong'oneza maneno ili nisipoteze mstari.

Mkurugenzi akanikuta. Nilisikia viatu vyake, nikafunua shuka, nywele zimenivurugika, tochi inawaka usoni kwake. Hakucheka. Angalicheka ningalipona.

“Mama, uko sawa?” akauliza polepole.

Wiki hiyohiyo aliniita ofisini kwake akaniambia, akitazama kalamu yake, kwamba miezi sita inaelekea kuisha na hana hakika kama kazi ya kompyuta nitaiweza. Alisema hivyo kwa heshima zote. Nilitoka nikaenda nyuma ya jengo, nikashika ukuta wa choo, nikalia. Nililia kwa hofu, na zaidi ya hofu kwa hasira. Mtu akikuambia umeshindwa na kazi, unaweza kujitetea. Lakini mtu akiona unasema kitu ambacho hakipo, utajitetea na nini? Kila niliyemwita kushuhudia, mashine ilinikana mbele yake.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta mtu. Nilijua nimeitunza, nimeifunika, nimeifungia. Aliyebaki ni yule anayeitumia mchana. Nikaanza kumchunguza kijana. Nikaona anakifunua kioo kwa mkono mmoja, akikishika pembeni. Nikaona anakula mandazi karibu na mashine. Na mandazi hayo yakanipa ushahidi niliotaka, kwa sababu asubuhi nyingine nilikuta sisimizi wadogo wakitembea juu ya kibodi, mstari mzima, wakiingia na kutoka karibu na bawaba. Niliwatazama wale sisimizi nikasema moyoni, basi ni yeye.

Lakini mandazi na sisimizi havitoshi kumwondolea mtu lawama na kumpa mwingine. Siku nne kabla ya miezi yangu kuisha, kioo kilikataa hadi saa tano. Niliinuka, nikabisha mlango wa mkurugenzi, nikaingia na kusema, “Mzee, nilikuwa naficha, lakini sasa nitasema. Huyu kijana aliiangusha mashine. Nilimwona kwa macho yangu.”

Sikuwa nimemwona. Hakuna siku niliyomwona akiiangusha, wala hata akiigonga. Maneno yalitoka laini kabisa, na mkurugenzi alinitazama kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita kama mtu anayetazama mfanyakazi mwenye akili timamu. Nakumbuka nilivyopumua.

Kijana aliitwa. Alikaa mle ndani dakika kumi hivi. Sikusikia sauti ikipanda. Alipotoka alikuja mezani, akakusanya rula zake na penseli, akanitazama, akasema, “Pole sana, mwaitu.” Nikajiambia kwamba amekiri. Mtu asiye na hatia angesema pole ya nini?

Alihamishiwa Kivaa, upande wa Masinga, kwenye bwawa lililokuwa likijengwa kule, awe wa kuandika mifuko ya saruji inayoingia na kutoka. Michoro ikapewa ofisi nyingine. Na mashine je? Ikapona! Mwezi wa tisa uliingia, ukungu ukaacha kushuka, jua likatoka mapema, na kioo hakikuzima tena hata siku moja. Ushahidi gani zaidi ya huo? Mkurugenzi alinipa barua ya kuajiriwa rasmi na kuniomba radhi kwa kutoniamini. Nilimwambia yamepita. Niliendelea kuifunika mashine kwa kitambaa changu kila jioni, na sasa ilikuwa yangu kutwa nzima.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, asubuhi ya ukungu, niliiwasha, feni ikavuma, muziki ukalia, na kioo kikabaki cheusi.

Sijui nieleze vipi hofu ya asubuhi ile. Mwaka uliotangulia niliogopa kufukuzwa kazi. Sasa nilikuwa na kazi, barua ninayo, na hakuna mkono mwingine uliogusa ile mashine kwa miezi tisa isipokuwa wangu. Nilikaa mbele ya weusi ule nikaona uso wangu ndani yake. Nikaanza kujitetea peke yangu: labda ndiyo madhara yaleyale ya zamani, labda ilianguka kweli na mimi sikuona. Niliutafuta ule uongo wangu ndani ya kichwa, nikijaribu kuufanya uwe kweli, na nikashindwa.

Sikumwambia mtu. Nilitoa daftari la shule la mmoja wa watoto wangu, nikapiga mistari. Tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kioo kuwaka, hali ya hewa, na kila nilichofanya jana yake jioni. Kazi ya kutunza rejista ndiyo kazi pekee niliyoijua sawasawa tangu ujana wangu. Niliandika kwa wiki tatu, na kila siku nilijiapiza kwamba nikigundua kosa ni la kijana nitatembea uchi sokoni. Nilijua sitatembea, maana kosa halikuwa lake.

Wiki ya nne, Ijumaa, nilichukua kitambaa nyumbani kukifua. Kwa sababu ya ukungu hakikukauka hadi Jumatano. Jumamosi na Jumapili mashine ilikaa kabatini imefungwa bila kitu ndani. Jumatatu kulikuwa na baridi ya kuuma meno, nikawasha, kioo kikawaka papo hapo. Jumanne, kikawaka. Jumatano, kikawaka. Jumatano jioni nilirudisha kitambaa, kimenyooka kabisa, nikakilaza juu ya kibodi, nikafunga. Alhamisi kioo kilikuwa cheusi kama sufuria.

Niliweka kidole kwenye daftari nikasoma safu ile mara tatu. Kisha nikaiinamia mashine, nikaitafuta kwa macho kama mama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Karibu na bawaba ya kushoto kulikuwa na kipini kidogo, ukubwa wa punje ya mchele, ambacho sikuwahi kujiuliza kazi yake. Kilikuwa kimezama. Nilichukua kroshia, ile sindano yangu ya kufumia, nikakichokonoa. Kikainuka, na kioo kikawaka. Nikakibonyeza kwa ukucha, kioo kikazima. Nikakiachia, kikawaka. Kipini kile ndicho kinachoiambia mashine kwamba imefungwa, izime taa yake. Kilipokwama chini, mashine ilidhani bado imelala.

Nilitazama ukucha wangu. Ulikuwa unanata. Nikaupeleka ulimini.

Ilikuwa sukari.

Sikuwahi kutumia wanga wa dukani kukazia vitambaa vyangu. Mama yangu alinifundisha kuchemsha maji ya sukari hadi yawe mazito, kukichovya kitambaa na kukianika kimenyooshwa, na ndiyo siri ya vitambaa vyangu kutolegea. Usiku wa baridi na unyevu sukari ile ililainika, ikashika kipini kilichokuwa kimebanwa usiku kucha. Mashine ikipata joto, ikafika saa nne, kipini kinabanduka chenyewe. Wakati wa jua haikunata hata kidogo. Na wale sisimizi hawakuja kwa mandazi ya mtu. Walikuja kwangu.

Mwingine angeruka kwa furaha. Mimi nilikwenda kuchemsha maji. Nilikamua kitambaa kingine katika maji ya moto, nikapangusa kile kipini taratibu mpaka kikacheza vizuri, na wakati wote nilikuwa najiambia kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua. Mashine imepona, kazi ninayo. Nilikaa na wazo hilo hadi saa sita, na sikupenda lilivyonikaa vizuri. Kisha nikapiga moyo konde, nikabisha mlango wa mkurugenzi.

Nilimweleza yote, sukari, kipini, daftari. Mwisho nikamwambia sikumwona kijana akiangusha chochote. Mzee alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu.

“Unajua nilipomuuliza alisema nini?” akasema. “Alisema hakumbuki kuiangusha. Nikamwambia mama amekuona. Akafikiria, akaniambia, kama huyo mama anasema aliniona, basi aliniona. Huyo hawezi kusema uongo. Labda niliiangusha na sikujua.”

Nilikuwa nimehangaika msimu mzima nikiomba mtu mmoja tu aniamini. Kumbe alikuwepo, meza ya pili, na aliamini lile neno moja nililolitunga. Nilitaka kulia mbele ya mzee nikakosa hata machozi. Mzee alisema atampa kijana kazi yake ya michoro tena, lakini kwamba kumwambia sababu ni juu yangu, yeye hatanisaidia hapo.

Kesho yake nilipanda pikapu ya mradi iliyopeleka saruji Kivaa. Njiani nilipanga maneno. Ningeanza na kipini, kisha sukari, nieleze unyevu, ili ule uongo uje mwishoni ukiwa umezungukwa na vitu vingi.

Nilimkuta mtoni, chini ya turubali, akiandika idadi ya mifuko. Alikonda kidogo. Aliniona akainuka na kicheko.

“Mwaitu! Umekuja kutuona?”

Kabla sijajibu, fundi wa ujenzi alimwita kutoka kwenye mchanga. Alitaka amshikie darubini ya kupimia mteremko wakati yeye akihamisha stendi yake ya miguu mitatu. Kijana alirudi nyuma hatua moja, akaweka mikono mgongoni.

“Ita mwingine,” akasema. “Si mnanijua mimi na vitu vya wenyewe.”

Watu wakacheka, kicheko cha utani uliozoeleka. Mwanamke mmoja akaweka jiwe lake chini na kwenda kuishika. Kijana akanigeukia, bado anatabasamu, akanipa habari zake. Alikuwa amepata mtoto, msichana, ana miezi mitatu.

“Hongera,” nikasema. “Anafanana na nani?”

“Na mamake. Mimi namshika tu nikiwa nimekaa chini, kwa mkeka. Nikisimama naye naogopa.”

Maneno yangu yote niliyoyapanga yakanitoka kichwani.

“Hukuiangusha ile mashine,” nikamwambia. “Hata siku moja. Sikukuona. Nilisema uongo.”

Alinitazama. Tabasamu lilikaa usoni kwa muda kidogo, kisha likaondoka.

“Lakini ulisema uliniona.”

“Nilisema.”

Akafunga daftari lake la saruji, akalifungua tena, akalifunga.

“Huu mwaka wote,” akasema, “nimekuwa nikijaribu kukumbuka ilikuwa siku gani.”